Kapasuliwa kichwa kupitia puani, lakini kidonda kiko tumboni na pajani: huko ndani wanaziba kwa kitu gani?

#1 Binti_wa_Mkoani
Assalaam alaykum. Mamangu mdogo alikuwa na uvimbe kwenye tezi ya pituitari, macho yakawa hayaoni pembeni mpaka anagonga fremu za milango. Wamempasua Dar, wamepita puani, usoni hana hata mkwaruzo. Sasa yuko nyumbani Mkoani na mie ndiye nnayemuuguza. Kilichonishangaza, ana kidonda chenye nyuzi chini ya kitovu na kingine pajani. Wodini niliuliza nikajibiwa mbio mbio, "ni vya kuzibia", basi.

Tangu juzi anatokwa na maji puani upande wa kulia. Hayana rangi, hayana ute, akiinama yanadondoka. Majirani wanasema ni mafua ya kusi. Huko ndani wanaziba kwa kitu gani hasa? Na kama wameziba, maji haya yanatoka wapi?

#2 Yakhe_Wete
Wa alaykum salaam. Pole sana, yakhe. Nakaa kitako nawasubiri wataalamu, maana mie pua naijua kwa harufu ya urojo tu.

#3 Pua_Koo_Masikio
Binti, kabla hujasoma chochote hapa chini: mpeleke Abdulla Mzee leo hii, iko hapo hapo Mkoani. Aliyepasuliwa puani akidondokwa na maji mepesi ya upande mmoja, na akiinama yanazidi, huhesabiwa anavuja maji ya ubongo, yale yanayouzunguka ubongo, mpaka ithibitike vyengine. Maji yenyewe kupungua si hofu kubwa, mwili unatengeneza karibu nusu lita kwa siku. Hofu ni kwamba palipo na njia ya kutokea pana njia ya kuingilia, na pua ina vijidudu tele. Homa, shingo kukakamaa, kutapika, mwanga kumuumiza macho, kuanza kuropokwa: ukiona hata moja, ondokeni usiku huo huo.

Sasa swali lako. Daktari akipita puani na endoskopu, mrija wenye kamera, anafika kwenye uwazi wa mfupa wa sfenoidi, nyuma kabisa. Anatoboa mfupa mwembamba, anakutana na dura, utando mgumu unaoufunika ubongo, anaukata. Nyuma yake ndipo ilipo tezi na uvimbe wake, na juu ya tezi kuna utando mwengine mwepesi mno, araknoidi. Huo ndio unaoyazuia maji. Uvimbe ukitolewa bila araknoidi kuchanika, kuziba ni kazi ndogo. Ikichanika, maji unayaona kwenye skrini yanachuruzika, na hapo daktari anatafuta vifaa kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe: mafuta ya tumboni yajaze nafasi iliyoachwa na uvimbe, na fashia ya paja, ule utando mweupe mgumu unaoufunga msuli, ishike nafasi ya dura. Juu yake gundi ya fibrini, na wengine huongeza karatasi za kolajeni za kiwandani. Vidonda viwili vya mamako ndivyo hivyo.

#4 Fundi_Dau_Nungwi
Nimekifahamu. Hiyo ni kalafati. Sisi tunachukua pamba, tunairowesha mafuta, tunaishindilia kwa patasi baina ya mbao. Ikipata maji inavimba inakaza. Mafuta ya tumbo ndiyo pamba yao. Chombo kikivuja, pamba haikushindiliwa.

#5 Msomi_Vuga
Fundi #4, mfano umekaa, ila upande umegeuka. Dau unalitia kalafati kwa nje, na bahari nayo inasukuma kutoka nje, kwa hiyo maji yenyewe yanakusaidia kuikaza pamba. Daktari yuko upande wa pua, maji yako upande wa pili na yanasukuma kumjia yeye. Alichokishindilia, maji yanataka kukirudisha. Mtu akikohoa tu, msukumo unapanda.

Ndiyo maana safu ya kwanza hupenyezwa ndani, nyuma ya ukingo wa dura, ikiwa pana kuliko tundu, ili msukumo huo huo uibane kwenye kingo. Safu ya pili inakuja kwa nje. Kuna madaktari wa New York waliolifikisha mbali wazo hilo: fashia pana inatandazwa juu ya tundu la mfupa, kisha kipande cha mfupa au plastiki ngumu kinasukumwa katikati mpaka kinanasa nyuma ya ukingo, fashia inabaki imebanwa pande zote. Kwa matundu madogo, Wormald na McDonogh walieleza mwaka 1997 njia ya kuchukua mafuta ya ndewe ya sikio, wakayafunga uzi, wakayapitisha ndani, halafu uzi ukivutwa yanajikwamisha penye tundu.

#6 Fundi_Dau_Nungwi
Hapo sawa, upande wa msukumo ndio kila kitu. Sasa nambieni, kwa nini wasiishone tu hiyo dura?

#7 Pua_Koo_Masikio
Wapo wanaoshona. Lakini vyombo vinapita matundu mawili ya pua, ni virefu, pa kuigeuzia sindano hapana, na kushoto na kulia imepita mishipa mikubwa ya karotidi. Kinachokwenda dakika mbili kwenye mkono, huko ndani kinakula muda mwingi, na nyuzi chache peke yake haziyazuii maji. Wanaoitetea njia hiyo wanasema faida yake ni kuzishika safu zisihame. Wengine hawaoni kama inalipa.

#8 Jangombe_Ngoma
Mie nilipasuliwa India, uvimbe ulikuwa mkubwa, umepanda mpaka kwenye mishipa ya macho. Tumboni sina kidonda. Walichuna ngozi laini ya ule ukuta unaozigawa pua mbili, wakaigeuza ikafunika tundu ikiwa bado imeungana na mshipa wake wa damu. Wanaita flapu.

Nilipozindukana nna mpira umetoka puani umebandikwa shavuni. Kaka yangu kautazama, kauona ule mdomo wa pili wa kujazia maji, akapiga kelele wodi nzima ikageuka: "Huu si mpira wa mkojo huu!" Nesi akamtuliza.

Kazi ni baada ya hapo. Magamba. Unasafisha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, gamba linang'oka kubwa, kavu, kijani, limechukua umbo la ndani ya pua yako, na harufu yake hukai nayo chumba kimoja. Kunusa kukapotea. Wali ukiungua mie sijui mpaka nione moshi. Sasa kumerudi, lakini si kama zamani.

#9 Muuguzi_Mstaafu
Kaka yake #8 aliona sawa, ni katheta ya Foley, mpya na safi. Puto lake linajazwa maji kidogo kidogo huku daktari anaangalia kwa endoskopu, litegemeze zile safu mpaka zishike. Likijazwa kupita kiasi linaubana mshipa wa flapu na flapu inakufa, au linayasukuma mafuta juu yakagandamiza mishipa ya macho. Nimeona madaktari wakilijaza, wakilipunguza, wakilijaza tena, hawana haraka.

Na wengi hawajui kuna jaribio kabla ya kumaliza. Mtu wa usingizi anaombwa aijaze hewa mapafu na kuishikilia, msukumo wa kichwani upande. Chumba kizima kinanyamaza, macho kwenye skrini. Pakibaki pakavu, ndipo watu wanaanza kuzungumza tena.

#10 Kijana_wa_Darajani
Dada, mafuta ya habasoda matone mawili kila tundu, na afukize udi usiku. Mjomba wangu alikuwa na mafua sugu yakesha.

#11 Muuguzi_Mstaafu
Mwanangu #10, kwa mafua ya mjomba wako alhamdulillah. Pua hii imefunguliwa mpaka mlangoni mwa ubongo. Hapatiwi kitu ambacho daktari wake hakukiandika: si mafuta, si majani, si maji ya kisima. Na moshi wa udi utampigisha chafya. Akipiga, apige mdomo wazi, asiizuie wala asipenge.

#12 Msomi_Vuga
Alichofanyiwa #8 ndicho kilichobadilisha kazi hii. Flapu hiyo ina majina ya Hadad na Bassagasteguy wa Rosario, Argentina. Ilichapishwa mwaka 2006 pamoja na timu ya Pittsburgh, Marekani. Kabla yake, matundu makubwa yaliyozibwa kwa vipande vilivyokatwa pengine mwilini yalikuwa yanavuja kwa asilimia 20, 30, mara nyengine zaidi. Katika ripoti yao ya kwanza kuvuja kulikuwa karibu asilimia 5. Sababu ni damu. Mafuta na fashia vinafika pale havina mshipa, vinangoja majirani wavilishe. Flapu inafika hai, na ateri yake inayotoka kwenye ateri ya sfenopalatini.

Basi mie nauliza wazi: kwa nini mama hakufanyiwa flapu?

#13 Pua_Koo_Masikio
#12, takwimu zako ni za matundu makubwa, na hapo sibishani. Pituitari ya kawaida si hivyo. Esposito, Kelly na wenzao mwaka 2007 waliugawa uvujaji unaoonekana mezani, wakati wa upasuaji, daraja 0 mpaka 3: 0 hakuna maji, 1 yanadondoka kidogo, 2 ya wastani, 3 tundu kubwa la dura. Kila daraja na uzibaji wake. Daraja la 1 kolajeni bila mafuta mara nyingi inatosha, la 2 linataka mafuta. Kumchuna kila mgonjwa ukuta wa pua kwa hofu ni kumpa magamba ya #8 bila sababu.

Jambo jengine, flapu inapangwa mwanzo wa upasuaji. Ukishaula ukuta wa nyuma wa pua ili upate njia, na ile ateri ukaikata, huna tena flapu ya upande huo. Aliyewahi kunyooshwa pua pengine hana kabisa. Na inapolazwa, mfupa wa chini lazima uchunwe utando wote wa ute, la sivyo unaufungia utando huo chini yake na baada ya miaka unapata fuko la kamasi linalotaka upasuaji mwengine.

#14 Jangombe_Ngoma
Nakubali magamba ni mateso. Lakini sikuvuja. Ukinirudisha leo nachagua flapu.

#15 Yakhe_Wete
Nasoma hapa kinywa wazi. Hawa Wamarekani wana akili, juzi juzi tu wamegundua kupita puani.

#16 Mzee_wa_Vitabu
Yakhe, si juzi na si Wamarekani. Hermann Schloffer, Innsbruck, Austria, mwaka 1907, kaifikia pituitari kwa njia ya pua, akiifungua pua pembeni. Mwaka 1910 Oskar Hirsch wa Vienna akapita ndani ya pua yenyewe. Cushing wa Marekani alipita chini ya mdomo wa juu kwa miaka, kisha akaiacha njia hiyo akarudi kufungua fuvu. Endoskopu peke yake kwa pituitari ni miaka ya 1990, na hapo Pittsburgh wana sehemu yao, Jho na Carrau. Ama kuziba uvujaji, Dandy aliufungua fuvu akaziba mwaka 1926. Wigand wa Ujerumani ndiye anayetajwa kuziba kwa endoskopu, mwaka 1981.

#17 Yakhe_Wete
Shukran mzee. Waaustria wapewe haki yao basi, na Pemba tupewe yetu siku moja.

#18 Ustadh_Mkunazini
Naongeza la ibada, maana wagonjwa wetu huona haya kuuliza. Asisujudu mpaka daktari aruhusu, asali kwa kitako na aashirie, sala yake inasihi. Kwenye udhu, kupandisha maji puani kwa madhehebu yetu ya Shafi ni sunna, akiacha udhu wake hauharibiki. Nimemuona mzee mmoja katoka hospitali, kaanza na kuvuta maji puani kwa nguvu kama alivyozoea. Watu wa nyumbani wasimamieni.

#19 Bi_Karafuu
Ustadh umenena. Na Pemba hii ukumbuke msimu: vumbi la karafuu jamvini linawapigisha chafya wazima, seuze yeye. Asikae penye kuchambuliwa. Asiinue ndoo, asipulize moto, dafu anywe kwa gilasi asifyonze kwa mrija. Alale kichwa kimeinuka kwa mito.

#20 Binti_wa_Mkoani
Ahsanteni nyote. Tulikwenda jana ile ile. Homa hana, shingo inageuka. Daktari kamwinamisha, maji yakadondoka, kayakinga kwenye kichupa. Mmoja kachovya ile karatasi ya kupimia sukari, kasema ina sukari kwa hiyo ni ya ubongo. Mwengine kasema kipimo hicho si cha kukitegemea, na mama ana kisukari. Wamezungumza na waliompasua, anatakiwa arudi Dar. Karatasi yake ya kuruhusiwa inasema mafuta, fashia na gundi. Flapu haimo.

Na niseme lililotokea: dawa za maumivu zilimfunga choo, alikuwa anajikamua sana. Tena siku moja nimetoka, nikarudi namkuta jikoni anapuliza makuti. Ndiyo sababu? Au tangu mwanzo haikuzibwa sawa?

#21 Pua_Koo_Masikio
Daktari wa pili yuko sahihi. Machozi na kamasi vina sukari pia, na kwa mwenye kisukari ndiyo zaidi. Kipimo chenyewe ni beta-2 transferini, protini iliyomo kwenye maji ya ubongo na haimo kwenye kamasi wala machozi. Pasipokuwa na maabara yake, historia na CT, picha ya kichwa, ya vipande vyembamba ndivyo vinavyoongoza. Kichupa chake kihifadhiwe kwenye baridi, aende nacho.

#22 Muuguzi_Mstaafu
Mie naona ni choo. Anayejikamua anaipandisha presha ya kichwani mara kwa mara, na cha kuchuchumaa kinazidi kumlazimisha ainame. Wagonjwa wa namna hii walitakiwa kutoka wodini na dawa ya kulainisha, si ya maumivu peke yake.

#23 Msomi_Vuga
Kwa heshima, Bi Muuguzi, kibandiko kilichokaa vizuri hakiondoshwi na makuti. Kila mtu anakohoa, na wengi hawavuji. Mie naona safu ya ndani ilihama, au mafuta yamenywea. Mafuta yasiyo na mshipa hupungua ujazo wake baada ya muda, safu ya juu ikakosa pa kuegemea.

#24 Pua_Koo_Masikio
Kuna la tatu hamkulitaja: presha ya maji yenyewe iko juu. Uzito mkubwa ni moja ya hatari zinazojulikana za kuvuja baada ya upasuaji huu. Kwa mtu kama huyo unaweza kuziba vizuri kabisa, maji yakatafuta pa kutokea. Hapo hutumika dawa kama asetazolamaidi kuyapunguza. Binti, mama ana mwili mkubwa? Alikuwa na maumivu ya kichwa ya kudumu kabla?

#25 Binti_wa_Mkoani
Mwili anao. Kichwa kilimuuma miaka, tulijua ni uvimbe.

#26 Msomi_Vuga
Basi wamwekee mpira wa mgongoni wa kuyatoa maji. Pittsburgh walifanya jaribio la kura, yaani nani awekewe na nani asiwekewe iliamuliwa kwa bahati, wagonjwa 170 wenye matundu makubwa ya dura, wote walifanyiwa flapu. Waliowekewa mpira walivuja asilimia 8.2, wasiowekewa 21.2. Mililita 10 kwa saa, saa 72.

#27 Muuguzi_Mstaafu
Umesema mwenyewe, matundu makubwa. Na mpira huo nimeuuguza. Mgonjwa analala siku tatu hasimami, miguu inaganda damu. Mtu akimwinua kitanda bila kuufunga, maji yanatoka kupita kiasi, kichwa kinampasuka, hewa inavutwa ndani kupitia lile lile tundu la pua. Unataka wodi yenye nesi wa kukaa naye. Pasipo na nesi huyo mie siutaki.

#28 Pua_Koo_Masikio
Nyote mna hoja, na watakaoamua ni wale watakaoingiza endoskopu wakaona. Kwa anayevuja dhahiri baada ya upasuaji, wengi hawapotezi muda na mpira peke yake, wanarudi mezani. Wengine hutia floresini, rangi ya kung'ara, kidogo sana kwenye maji ya mgongo, maji yakawa ya kijani, tundu likajionesha lenyewe. Na habari njema: ikiwa ukuta wa pua haukuguswa mara ya kwanza, flapu bado anayo.

#29 Fundi_Dau_Nungwi
Mama atavukaje? Kusi limechachamaa, boti inapiga.

#30 Muuguzi_Mstaafu
Swali la maana. Mwambieni daktari ampe dawa ya kuzuia kutapika kabla ya kupanda, kutapika ni kujikamua vile vile. Akae katikati ya boti, chini, kichwa juu. Ndege asipande kwa hiari yenu, kukiwa na hewa iliyoingia kichwani hutanuka angani. Daktari aseme.

#31 Binti_wa_Mkoani
Kashasema boti, na dawa katoa. Tunaondoka kesho na kichupa chetu. Nitaleta habari. Allah awalipe.

#32 Bi_Karafuu
Amin, amponye.

#33 Mgeni_Makunduchi
Samahani naingilia. Dada yangu hajapasuliwa kokote wala hajaanguka, lakini maji ya pua moja mwaka wa pili huu, asubuhi mto umerowa. Anatibiwa mzio. Yanaweza kuwa haya haya?

#34 Pua_Koo_Masikio
Yanaweza. Kuna uvujaji wa wenyewe, tunauona zaidi kwa wanawake wenye uzito mkubwa na presha ya maji iliyo juu, mfupa wa juu ya pua unalika taratibu mpaka unatoboka. Mzio huwa wa pua zote mbili na macho yanawasha. Mpeleke kwa daktari wa pua, mwambie maneno haya haya: pua moja, mto unarowa. Fungua uzi wake, tutakuja.